Uyoga Nilioukata kwa Kisu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mimi ni Mama Tabitha, mnanijua. Wengi wenu mlishika jembe kumzika mume wangu, Elia. Leo nimesimama kuwaambia kilichomuua, maana mlidanganywa, na aliyewadanganya ni mimi.

Mwanzoni mwa miaka hii ya hamsini Elia aliletwa kwa mkataba, manamba wa kukata mkonge hapa Tanga, nami nikamfuata kutoka Songea. Nilikuwa na majivuno, ndugu zangu! Kwetu masika ikiingia mwanamke hangoji kitoweo cha dukani, anachukua kikapu anaingia porini. Nikawacheka wanawake wa pwani walioogopa uyoga.

Jirani yangu alikuwa Bi Mwanahamisi, Mdigo, mjane mtu mzima. Siku moja aliniona natoka porini na uyoga mweupe niliouchuma karibu na kichuguu. Akanisimamisha.

"Mwanangu, ung'oe mmoja mpaka chini. Ukitoka na mzizi mrefu, kula. Ukiwa umekaa ndani ya kifuko kama ganda la yai, tupa. Huo unaua."

Nami nilikuwa nimeukata wote kwa kisu, nisiingize mchanga kikapuni. Sehemu ya chini ya mashina ilibaki ardhini. Kurudi kutazama zilikuwa hatua chache tu! Nikamjibu, "Bibi, uyoga niliujua kabla sijajua kusuka nywele." Nikaenda kupika.

Nilikuwa na mimba changa, harufu ikanishinda. Elia akala peke yake, akausifia. Alfajiri akaanza kutapika na kuharisha. Zahanati wakaniuliza alikula nini. Nikasema ugali na maharage. Niliogopa kuchekwa kuliko nilivyoogopa kufiwa. Mungu anisamehe!

Siku ya pili akapata nafuu, akakaa nje. Bi Mwanahamisi akamletea uji, akanywa. Kesho yake macho yakawa ya manjano, na siku ya nne akafa. Uyoga ule ndivyo ulivyo, humwachia mtu kidogo, kisha humrudia.

Ninyi mkasema ni ule uji, bibi ni mchawi. Nilijua si kweli. Nikalia na kunyamaza. Mkang'oa makuti ya nyumba yake, akaondoka na mkeka kichwani kwenda kwa mpwa wake, kijiji cha Moa. Nilikuwa mlangoni kwangu namtazama.

Miaka minne nimekaa na jambo hili. Nilipookoka nilidhani machozi yangu yametosha, lakini Bwana hakuniacha! Wiki iliyopita nikaenda Moa. Nikamwamkia shikamoo, nikapiga magoti, nikasema yote.

"Nilijua tangu siku ile," akasema. "Na wewe ulijua kuwa najua. Sasa mimi unaniambia ya nini? Nyumba yangu sikuibomoa mimi. Kawaambie wao."

Ndiyo maana niko mbele yenu. Namshukuru Bwana aliyenifungua mdomo, ingawa nimechelewa mno. Nawe uliyeficha neno la kumsafisha mwenzio, mtegemee Yeye, liseme leo.

Na ninyi mliopanda juu ya paa lile, nawafahamu, sitawataja. Kesho asubuhi kuna lori la Moa, nami nitakuwa ndani yake. Bibi amezeeka sana, ndugu zangu. Njooni tumwombe radhi angali hai.