Mama Futi na Ombi Aliloliruka

Wachungaji wetu, majirani, na nyote mliofika kutushika mkono, historia hii ilisimuliwa kwanza na dada mkubwa wa marehemu, alasiri ya Jumapili tarehe 12 Novemba mwaka jana, sebuleni kwa marehemu, naye marehemu mwenyewe akiwa amelala kwenye kochi akisahihisha tarehe, na msimulizi alipofika mahali ambapo familia ilidhani atazuiwa asiendelee, marehemu alisema, "Endelea tu, dada, ndivyo ilivyokuwa, ila usiyapambe," hivyo tumeyaandika bila mapambo, na tunaomba yasikilizwe hivyo.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Mama Futi, kwa sababu ya futi ya kupimia nguo iliyokuwa haitoki shingoni mwake, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, ingawa mwenyewe alishikilia kuwa ni tarehe 11, na familia imefuata kadi ya ubatizo, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa mnyapara wa barabara na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya yadi ya magari ya lami, ambako nguo zilizoanikwa zilipaswa kuanuliwa kabla ya saa nne asubuhi, vinginevyo zilirudi ndani zikiwa na vumbi jeusi.

Alianza shule ya msingi Januari 1959 akamaliza 1966, akaingia sekondari 1967, na mwisho wa kidato cha pili alilazimika kuacha baada ya baba yake kuumia mgongo kazini, jambo ambalo hakulilalamikia, lakini hakulisahau pia, akasomea ushonaji miaka ya 1969 na 1970, na tarehe 3 Mei 1971 aliajiriwa katika chumba cha ushonaji cha hospitali ya serikali, chumba chenye vyerehani vinne, meza ndefu ya kukatia, na dirisha moja lililotazama kamba za nguo za dobi, akawa anashona shuka, mapazia ya wodi na magauni ya wagonjwa, na zaidi ya yote kutia viraka, kwa maana shuka mpya zilikuwa zinakuja kwa kudra.

Mkuu wa chumba hicho alikuwa mzee mmoja aliyeitwa Mzee Mkasi, na kwake marehemu alijifunza sheria aliyoishi nayo, kwamba mshono uliopinda haushonewi juu, unafumuliwa wote na kuanza upya, hata kama ni Ijumaa na watu wameshachukua vikapu vyao.

Ni katika chumba hicho hicho alipompata mumewe, mtunza boila, yaani mtambo wa mvuke wa hospitali, kijana asiye na maneno mengi, aliyeleta ovaroli yake kushonwa goti mara tatu kwa mwezi mmoja, hadi Mzee Mkasi akainyanyua juani mbele ya mafundi wote na kusema, "Kijana, goti hili halichanwi na kazi, linachanwa na wembe, sasa utamposa binti wa watu au tuendelee kumaliza uzi wa serikali?" na kwa kuwa kijana alishindwa kujibu, marehemu alijibu kwa niaba yake kwamba aiache hapo hapo, goti litakuwa tayari Jumatatu, wakafunga ndoa Jumamosi tarehe 14 Desemba 1974. Mungu aliwajalia watoto watatu, binti wa kwanza aliyezaliwa 1976, mtoto wa kiume aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1979, na kitinda mimba, wa kike, aliyezaliwa 1985.

Mwaka 2001 mtoto wa kiume, ambaye alikuwa ameanza kujifunza kazi ya boila chini ya baba yake, alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi akipanda ngazi, madaktari wakaona moyo umepanuka, akalazwa mara tano katika miezi kumi na minne, kanisa likafunga na kuomba, na mwezi Septemba 2002 alikuja mhubiri mgeni, akamwekea mikono na kutangaza kwamba kijana amepona, na kwamba Jumapili tarehe 27 Oktoba familia isimame mbele kwa ibada ya shukrani. Marehemu aliamini kama alivyofanya kila kitu, yaani kwa mikono, alinunua kitambaa cha kijivu, akakata suti ya kuvaliwa siku hiyo, na yeye ambaye katika miaka thelathini na moja hakuwahi kukata nguo bila kupima, safari hii hakumpima mwanawe, alichukua vipimo vya zamani alivyokuwa ameviandika kabla ya ugonjwa, mabega, kifua na kiuno cha kijana mzima, kwa sababu, kama alivyomweleza dada yake, kumpima akiwa vile alivyokonda kungekuwa kumwambia Mungu kwamba hamwamini.

Kijana alifariki Alhamisi tarehe 17 Oktoba 2002, siku kumi kabla ya ibada ile, akiwa na miaka ishirini na mitatu, na kwa kuwa hakukuwa na nguo nyingine ya heshima ilibidi azikwe na suti ya shukrani, nayo ilipojaribiwa ikampwaya kama gunia, wanawake wakasema tuikunje nyuma tubane na pini, hakuna atakayeona, mama yake akakataa, akaichukua hadi chumba cha ushonaji saa tatu asubuhi ya Ijumaa, akaifumua kuanzia mabegani, bitana na vyote, akaipunguza, akaipiga pasi na kuirudisha saa tisa alasiri ikiwa imemkaa sawasawa. Wenzake kazini walikaa naye siku nzima wakimtungia uzi kwenye sindano, na hakuna aliyesema neno, na miaka mingi baadaye alisema hiyo ndiyo ilikuwa rambirambi pekee aliyoweza kuipokea.

Tangu Jumapili iliyofuata, marehemu aliendelea kuja kanisani, kutoa sadaka, kufua vitambaa vya meza ya Bwana na kuimba alto, lakini Sala ya Bwana ilipofika kwenye ombi la mapenzi ya Mungu kutimizwa alifunga mdomo, akatazama mbele, na kuingia tena penye "hapa duniani". Dada yake, aliyekaa naye benchi moja miaka yote, alidhani mara ya kwanza ni kikohozi, mara ya pili akamwuliza nje ya mlango, "Mdogo wangu, umemeza nzi?" naye akajibu, "Siwezi kutia sahihi barua ambayo sijaisoma," dada akasema, "Na lile la kusamehewa makosa, hilo umelisoma?" akajibu, "Hilo ndiyo, makosa yangu nayajua moja moja," na mazungumzo yakaishia hapo, kwa karibu miaka tisa.

Si kwamba hakujaribiwa, kwani wapo waliomwambia kwamba Mungu huchuma ua zuri kwanza, akawauliza kama na wao wana maua nyumbani, wapo waliomshauri ajikaze, na mwaka 2006 mchungaji aliyekuwepo alikwenda kumwomba awe kiongozi wa maombi wa akina mama, yeye akamwambia, "Baba mchungaji, nipe mapazia ya kanisa nishone yote, ila uongozi mpe mtu anayesali sala nzima," mchungaji akanywa chai yake hadi ikaisha, akaaga bila kuhubiri, na marehemu alimheshimu kwa hilo hadi mwisho. Wala tusifiche kwamba miaka hiyo nyumba ilikuwa nzito, mume akirudi kutoka kwenye boila na mke kutoka kwenye cherehani, wakila, wakisali mezani yeye akiliruka lile ombi na mumewe akilisema peke yake, taratibu, bila kumtazama.

Marehemu alistaafu tarehe 31 Machi 2011, na tarehe 6 Agosti mwaka huo huo mumewe alipata kiharusi akiwa anafunga kamba za viatu, upande wa kulia ukafa, ulimi ukawa mzito, na kuanzia hapo marehemu alirudi kwenye kazi aliyodhani ameiacha, kutandika shuka chini ya mgonjwa kwa kumgeuza ubavu, kufua, kuanika, na kumlisha uji kijiko kwa kijiko.

Mume hakukubali kunywa chai ya asubuhi kabla ya kusali, na hapo ndipo tabu ilipoanza, kwani aliweza kufika hadi "ufalme wako uje," kisha ulimi ukagoma, neno lililofuata halikuja, na yeye, mtu aliyewasha boila kwa miaka thelathini na saba kwa kufungua vali moja baada ya nyingine kwa mpangilio, hakujua kuruka, kwa maana kwenye boila ukiruka vali unarudi mwanzo, basi na yeye alirudi mwanzo, akaanza tena Baba yetu, akakwama pale pale, akarudi tena, mara nne, mara tano, jasho likimtoka, huku akimtazama mkewe ampe neno. Binti mkubwa alipokuwepo alimpa, lakini binti alikuwa anaondoka kwenda kazini saa kumi na mbili, na mke alibaki akikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeshayeyuka, akimwambia, "Baba watoto, pitia mbele, Mungu anaelewa," mume akitikisa kichwa na kurudi mwanzo.

Hali hiyo ilikwenda kwa majuma manane, hadi asubuhi ya tarehe 3 Oktoba 2011, tarehe ambayo marehemu aliikumbuka kwa sababu ndiyo siku walipobadilisha godoro, mume alirudi mwanzo mara ya sita, kisha akaanza kulia kwa jicho moja, marehemu akaweka kikombe chini, akainama, na akamsemea sikioni, "Mapenzi yako yatimizwe," mume akalipokea, akalitamka vibaya, na kwenda nalo hadi Amina, ndipo akanywa chai.

Siku hiyo hiyo alimpigia dada yake simu na kusema, "Usifurahi, nimemwazima tu, la kwangu bado sijalisema," na dada akamwuliza kama Mungu naye ana madaftari mawili, moja la maneno ya kuazima na moja la maneno ya mtu mwenyewe, marehemu akasema, "Mshono anauona kwa ndani, atajua." Basi akawa anamwazima kila asubuhi, miaka mitatu na miezi minne, siku za homa na siku za vidonda vya mgongo, siku alizokuwa na hasira na siku alizokuwa amechoka kiasi cha kutojua anasema nini, hadi mume alipofariki Jumapili tarehe 22 Februari 2015. Katika ibada ya mazishi, sala ilipofika pale, dada alimtazama kwa pembeni akaona mdomo unatembea, hakuna tena wa kumwazima, na baada ya maziko alipomwuliza, marehemu alijibu, "Sijui kuazima kuliisha siku gani, dada. Nilichoka kuvuta kamba, nilipoiachia nikaona upande wa pili hakukuwa na aliyekuwa akinivuta."

Tunaomba mtu asiongeze neno hapo, kwani marehemu hakupata kusema kwamba amejua sababu ya kifo cha mwanawe, na alipoombwa mara mbili na akina mama atoe ushuhuda alisema hana ushuhuda, ana uchovu, na kwamba amemkabidhi Mungu na uchovu huo, kwa sababu hakubaki na kitu kingine cha kumkabidhi.

Juni 2023 alianza kuumwa tumbo na macho kuwa ya njano, vipimo vya tarehe 18 Julai vikaonyesha uvimbe kwenye kongosho uliokwisha kufika kwenye ini, akatibiwa hospitali ile ile aliyoifanyia kazi, akapelekwa mara mbili hospitali kubwa ya mbali, na mwezi Oktoba, watoto walipokuwa wakipanga safari ya tatu, na kanisa likipanga siku ya shukrani, aliwaita wote sebuleni. Kitinda mimba alimwambia, "Mama, ukikataa kwenda unatuacha kwa makusudi," naye akamjibu, "Mwanangu, mwaka ule nilikata nguo kwa mwili niliokuwa nautaka. Safari hii nimepima. Niombeeni, sikatai, na Mungu akiniponya nitacheza kuliko nyie, ila msimpangie tarehe." Binti alitoka nje akalia, akarudi, akaomba mwenyewe pale pale kwa sauti, na alipolifikia ombi lile alinyamaza, mama yake akangoja, hakumharakisha, na hakumsemea.

Marehemu alifariki nyumbani kwake Jumanne tarehe 5 Machi 2024, saa tano na dakika ishirini asubuhi, mabinti wote wawili wakiwepo, siku nne kabla ya kutimiza miaka sabini na mitatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, hasa muuguzi aliyekuja nyumbani kwa miguu yake kila Alhamisi kubadilisha dawa ya maumivu, majirani waliotuletea maji wiki ile bomba lilipopasuka, mafundi wa chumba cha ushonaji, waliopo kazini na waliostaafu, walioshona sanda hii bila kuombwa, pamoja na wachungaji na kanisa lote, na kama tumemsahau mtu, atusamehe, tumechoka.

Kati ya waliotajwa humu, wazazi wa marehemu, Mzee Mkasi, mume na mtoto wa kiume wametangulia, mchungaji aliyekunywa chai akaondoka yu hai na amestaafu, mhubiri mgeni hatujui alipo, tunamwombea heri, dada mkubwa yu hai, ana miaka sabini na tisa, na amekaa pale mbele, binti mkubwa yu hai, na kitinda mimba yu hai, anatuambia tuandike kwamba ombi lile bado hajaweza kulisema, na kwamba Jumapili atakuja kanisani.

Mama, kazi imetosha, sasa lala, na amani ya Bwana ikufunike.