Mahubiri Yaliyopimwa Benchi la Tatu

Baba Askofu, mgeni wetu rasmi; Mchungaji wetu unayestaafu, pamoja na mama; waheshimiwa wazee wa kanisa; wanakwaya, ambao leo mmeimba mpaka mwisho bila kununiana; ndugu wageni waalikwa; na ninyi mliokaa karibu na masufuria, ambao nawaona: Bwana asifiwe.

Yale mahubiri ya ujasiri, ambayo Baba Askofu ameyasifu hapa sasa hivi, niliyaandika mimi.

Naona mama mchungaji ananiangalia. Haya, sikuyaandika. Mimi ni mfagiaji wa kanisa hili. Darasa la nne sikulimaliza, au tuseme lilinimaliza. Niliandika neno moja tu, nalo nililikosea. Lakini nani mwingine hapa anajua mahubiri yale yalivyopatikana?

Miaka kumi na tisa iliyopita kiwanda cha nyuzi kilifungwa. Hakikufungwa kwa kelele. Asubuhi moja king'ora hakikulia, basi. Mji mzima uliamka saa ile ile ya king'ora, tukakaa vitandani tukiusikiliza ukimya. Nilipofungua madirisha ya kanisa, vinyuzi vya pamba bado vilikuwa vinaelea kwenye mwanga, polepole, havina haraka ya kutua, kana kwamba havijaambiwa. Watu nao wakawa hivyo hivyo. Unamsalimu mtu njiani, anakuitikia ukishampita.

Mchungaji alikuwa na namna yake ya kuandaa mahubiri, na leo naitoa siri. Juma lile, kila siku saa tisa alasiri, alinikalisha benchi la tatu, akapanda mimbarini na karatasi zake, akanihubiria mimi peke yangu. "Mzee," alisema, "ukisinzia, nitajua hayafai." Ndugu zangu, nani amewahi kupewa kazi nzuri kama hiyo, ya kulala kwa niaba ya kanisa?

Jumatano alihubiri subira. Nikalala, nikaota mabenchi yanatoka mlangoni moja moja, yamepanga foleni, yanakwenda kutafuta kazi. Alhamisi alikuja na mashujaa saba wa imani. Nililala kwa shujaa wa pili. Ijumaa hata dua ya kufungulia sikuisikia. Kila nilipozinduka karatasi zilikuwa sakafuni, zimechanwa, nami nikazifagia. Na Ijumaa hiyo, katika takataka, nikakuta kipande kisichokuwa cha mahubiri. Kusoma nasoma taratibu, lakini nasoma. Kiliandikwa: naomba kuhamishwa.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, watu wenyewe wakiwa wanaelea?

Jumamosi alihubiri mahubiri mazuri kuliko yote niliyopata kusikia. Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu anayekunja nguo zake. Aliwaombea watoto wetu, akazitaja nyumba zetu moja moja, na nilipomsikia akiutaja hata ufagio wangu, nikaelewa: huyu bwana anaaga. Wazee wa kanisa, hapa sikilizeni vizuri, maana Mchungaji mwenyewe anayasikia haya leo kwa mara ya kwanza. Siku ile sikulala. Nilifumba macho, nikakoroma kwa makusudi.

Tena nilikoroma mkoromo wa kuazima, mkubwa kuliko wangu. Mke wangu angeujua mara moja kuwa ni bandia. Mchungaji akashuka, akakaa kando yangu.

"Mzee, hata haya?"

"Hata hayo, Baba Mchungaji."

"Sina mengine."

"Basi kesho njoo hivyo hivyo."

Akazichana karatasi zake, kisha akaniambia niandike neno moja la somo kwenye ubao wa nje: UJASIRI. Ndugu wageni waalikwa, siku zile kila nguzo ya mji ilikuwa imebandikwa tangazo la semina. Chaki ikaanza vizuri, halafu mkono ukaendelea wenyewe kwa mazoea ya macho, nikaandika UJASIRIAMALI, na chini yake, WOTE MNAKARIBISHWA. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikausifu mwandiko.

Jumapili kanisa likajaa mpaka ngazini, kila mtu na daftari lake. Walikuja hata wale ambao Mungu alikuwa akiwafahamu kwa picha tu. Mchungaji akasimama mikono mitupu, akiwatazama kama mtu aliyeamshwa katika nyumba ya watu. Fundi cherehani, mama huyu aliyekaa hapa mbele, akanyoosha kalamu: "Mchungaji, tuanze basi. Mtaji unapatikana wapi?"

Akamjibu, "Mtaji sina, mama. Nina hofu, na nina barua mfukoni ya kuwakimbia." Akaitoa, akaiweka juu ya meza ya Bwana. Akasema kwamba mitume walipotishwa hawakuomba vitisho viondolewe, waliomba ujasiri wa kunena vitisho vikiwa bado mlangoni. Yeye anaomba ulio mdogo kuliko huo, wa kubaki tu, na mwenye nao amwombee. Hayo ndiyo mahubiri yote. Mnayasifu, na hayakufika dakika kumi.

Fundi cherehani akasimama. "Bwana, mshike huyu asikimbie. Sisi wengine tutashikana wenyewe." Kwa amina iliyofuata, hata vile vinyuzi hewani vilishtuka. Na madaftari hayakurudi matupu: tulikaa mpaka jua likainama, kila mtu akiandika kazi anayoijua na mtu anayeweza kumfundisha.

Kiwanda hakijafunguliwa mpaka leo. Barua ile haikutumwa mpaka leo.

Nawashukuru wote kwa kunipa masikio yenu huku pua zenu zikiwa jikoni. Ila Mchungaji, kabla hujapanda gari kesho. Jumatatu ile uliniambia, "Mzee, nina deni lako la wema; siku ukilitaka, sema." Leo nasema. Juma lile lile binti yangu alikuwa ameondoka kutafuta kazi mbali, nami nikamwambia, anayeondoka asirudi. Ndiyo maana nilikoroma. Sikuwa na nguvu za kuagwa na wawili. Huwa anampigia mama yake simu, na ikifika kwangu tunazungumzia mvua. Nataka kumwandikia, lakini neno "nisamehe" mkono wangu haulijui. Naomba asubuhi, robo saa tu, upite kwangu unishikie kalamu. Karatasi ninayo.