Kigari cha Buluu cha Mzee Ekuam

Tunayemsindikiza leo, Mzee Silvano Ekuam Lodio, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1956 mjini Isiolo. Alikuwa kifungua mimba wa marehemu Lodio Ekiru, bawabu wa kambi ya wajenzi wa barabara, na marehemu Akolong. Miaka miwili baadaye akazaliwa mdogo wake, Ekidor, na hapo uzazi ukafunga. Wasifu huu umeandikwa na binti yake, Lorna, kama baba alivyomsimulia mwenyewe, naye alikataza kitu chochote kiachwe nje, hata cha aibu.

Alianza shule mwaka 1964, akamaliza darasa la saba mwaka 1970. Alikuwa mtoto wa maswali. Kwa nini bati jipya linameta na la zamani halimeti? Kutu inaanzia wapi? Mwalimu akichoka kujibu, alimtuma maji.

Mwaka 1968 msimamizi mmoja wa kambi, akihama, alimpa kigari cha chuma cha kuenea kiganjani, rangi ya kijani. Alilala nacho. Haukupita mwezi, kikapotea, na wiki hiyo hiyo Ekidor akaonekana na kigari kile kile, milango ile ile, namba ile ile chini ya tumbo, ila hiki ni cha buluu. "Nimepewa na yule mama wa nyumba ya mwisho kambini," Ekidor akasema. Yule mama alikuwa amekwisha kuhamia Nairobi na mumewe. Ekuam akamwambia baba yao: "Ameiba changu, akakipaka rangi." Jamani, mtoto wa miaka kumi angeitoa wapi rangi kama ile? Hakuna aliyeuliza, hata yule wa maswali. Ekidor alichapwa vibaya, kigari akapewa kaka yake. Akaacha shule akiwa darasa la nne, akaenda kuchunga mbuzi wa watu upande wa Kinna, na baadaye akapata shamba la vitunguu Rapsu.

Mwaka 1973 marehemu aliingia kazi ya kupiga magari rangi katika gereji moja ya Bulla Pesa, akaifanya miaka arobaini na mitatu. Gari halikumdanganya. Alifungua mlango, akachungulia penye bawaba, akamwambia mwenye gari: "Hili lilizaliwa jeupe, usibishe." Cha ajabu, kigari cha buluu kilikaa dirishani kwake miaka yote hiyo, na hadi mwaka 2011 hakuwahi kukichungulia. Alikuwa na hakika yake.

Alifunga ndoa kanisani na Gakii, muuza mitumba, tarehe 20 Agosti 1983, wakajaliwa watoto watatu.

Mama wa Ekuam na Ekidor, Akolong, alizikwa mwaka 1998. Ekuam ndiye aliyeandika wasifu wake, na chini kabisa akaandika: ameacha mtoto mmoja, Ekuam. Ekidor alikuja kutoka Rapsu, akapewa karatasi kama mgeni, akaisoma mpaka mwisho, akaikunja, akaitia mfukoni. Alimzika mama yake, akaondoka bila kula.

Siku moja ya mwaka 2011 Gakii alirudi sokoni na gunia la vitu vya watoto, akamwaga sakafuni. Ndani yake mlikuwa na vigari viwili ndugu wa kile cha dirishani, kimoja chekundu, kingine cha manjano. "Ekuam, kigari chako kimezaa!" akacheka. Marehemu akavigeuza. Namba ile ile chini. Chai yake ikapoa. "Kwani kiwandani walikuwa na rangi ngapi?" akauliza, kisha akachukua kile cha buluu na kipande cha msasa, akakwangua chini, mahali pasipoonekana. Buluu, halafu chuma kitupu. Kijani hakikuwepo.

"Gakii, hakikupakwa. Kilizaliwa hivi."

"Basi unangoja nini? Rapsu si ng'ambo."

Asubuhi yake alimkuta Ekidor shambani, akakiweka kigari juu ya tuta. "Ni chako. Nimekwangua jana tu. Nilikuonea, ndugu yangu."

Ekidor alikitazama sana. "Miaka arobaini na mitatu! Fundi wa rangi mzima! Hukukwangua?"

"Nilikuwa na hakika."

Ekidor akacheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipomtoka hayakuwa ya kicheko tena. "Kigari kaa nacho, mimi nitakiendesha wapi na magoti haya? Lakini kwa mama hukuniandika."

Tangu hapo walitembeleana, na marehemu akaanza kukusanya vigari, akafikisha thelathini na saba, kila kimoja na ukurasa wake kwenye daftari. Mbona hiki kijani kimekolea na hiki kimepauka? Yeye alidhani ni mafundi tu kama yeye: debe likiisha, unachukua lililo karibu. Kile cha kwanza, cha kijani, hakijaonekana hadi leo. Ekidor husema labda mbuzi alikila.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2022. Alifariki nyumbani Jumatano, tarehe 12 Februari 2025. Wiki moja kabla alimwita Lorna na kalamu. "Andika nitakaowaacha. Wa kwanza, Ekidor." Lorna akamwambia mjane ndiye hutangulia. "Mama yako hajawahi kuachwa nje," akajibu. "Andika."

Marehemu ameacha ndugu yake, Ekidor Lodio wa Rapsu.

Hapa aliagiza msomaji anyamaze, Ekidor asimame, watu wote wamwone.

Ameacha pia mjane wake, Gakii. Watoto wake, Lorna, Ekiru na Ntongai. Na wajukuu watano.

Pumzika sasa, Mzee Ekuam. Ekidor ameandikwa.