Githeri Tuliyompakulia Mheshimiwa

Mwenyekiti wa ushirika wetu amesema niongee kwa ufupi. Nitajaribu, lakini mimi nikiongea juu ya chakula nakasirika, na nikikasirika maneno yanakuwa mengi, kwa hivyo mnivumilie wapendwa. Hapa Ruiru mnanijua kama yule mama anauzia mafundi wa mjengo githeri, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Mahali nilitoka hamjui.

Nilitoka Thika, Makongeni. Nilikuwa kibarua kwa kiwanda kule Eneo la Viwanda, tunamenya mananasi ya kuwekwa kwa mikebe. Asubuhi moja tukarudishwa getini, ati kazi imepungua. Baba ya watoto alikuwa ameshaenda zake. Nikabaki na wasichana wangu wawili, mdogo hata shule hajaanza. Nikaanza kufulia watu nguo, na siku nyingi nilifua bila kitu tumboni.

Jirani akaniambia kwa ofisi ya chifu serikali inapeana chakula kwa watu kama sisi. Nikaenda. Na wacha nishukuru mahali pa kushukuru: mwanzoni tulipewa mahindi safi, maharagwe na mafuta. Nililia njiani nikirudi nyumbani. Wale husema chakula cha serikali ni cha wavivu wanipate hapo nje baadaye, nitawajibu.

Halafu naibu wa chifu wetu akaanza mambo yake. Jina silitaji. Akasema kabla ya kupewa tupange laini, tuimbe, tupigwe picha tukitabasamu na gunia. Tukaimba. Mtu mzima, mama ya watu, unaimbia mahindi. Na mahindi yenyewe yakabadilika. Yakaanza kuja kwa magunia yameshonwa upya kwa mkono, na ukifungua, harufu inakupata hapo hapo mlangoni. Mimi nilifikiri ni unyevu tu. Nikaosha, nikaanika, nikachagua, nikapika githeri. Msichana wangu mdogo akatapika siku nzima mpaka macho yakaingia ndani. Nikasema ni malaria.

Mahindi yaliyobaki nikayapeleka kwa poshomill yasagwe. Mzee wa kusaga akaingiza mkono kwa ndoo, akavunja punje moja kwa kucha, akanionyesha ndani. Nyeusi.

"Hii sisagi," akasema. "Ikipita kwa mashine yangu, mtu atakuja nyuma yako na mahindi yake mazuri aende nyumbani na sumu. Hata ng'ombe usimpe."

"Baba, nisagie tu. Watoto hawajakula."

"Umesikia nimesema ni nini?"

Nilikuwa nimesikia. Ndugu zangu, nawaambia, nilisimama pale nikiomba mtu anisagie sumu nipikie watoto wangu. Njaa inaweza kukufikisha hapo. Yule mzee akanipimia unga wake mwenyewe, akaniambia niende.

Nikabeba ndoo mpaka kwa naibu wa chifu. Hakuangalia hata ndani. Alisema, "Mama, mwenye njaa hachagui. Kama hutaki, sema, kuna wengine wanangoja." Alikuwa ametoka kula mchana, mafuta bado iko kwa midomo.

Sasa, mnajua kwetu mgeni akija kwa baraza, wamama ndio wanapika, na mgeni anapakuliwa wa kwanza mbele ya watu wote. Huyo naibu akatuambia mheshimiwa mbunge anakuja kuonekana akipeana chakula, na sisi tunaolishwa tutapika. Akaleta mchele na kuku. Tukaenda jikoni, na kila mama pale alikuwa na hadithi kama yangu, mtoto ametapika, nyanya ameharisha. Nikawaambia wazo langu. Walijua tukifanya hivyo tunaweza kukosa hata hicho kidogo. Mmoja akauliza, "Kidogo gani?"

Wali na kuku tukawapakulia wazee na watoto. Hotpot ya meza kubwa ya wageni, ile bakuli yenye kifuniko, tukaijaza githeri ya yale mahindi.

Nikawaoshea wageni mikono na jagi, nikainama vizuri, nikafungua kifuniko. Ile harufu ikapanda. Mheshimiwa akashika pua na kitambaa.

"Hii ni nini?"

"Ni ile chakula mnatuletea, mheshimiwa. Karibu."

Naibu akaruka, "Toa hiyo takataka hapa!"

Nikamwambia, "Si ulisema mwenye njaa hachagui? Wewe umeshiba, ndio maana unachagua."

Kama mheshimiwa angeinua kijiko ningemshika mkono, mimi si muuaji. Lakini hakuna aliyeinua. Hawakuhitaji daktari kuwaambia. Pua walikuwa nazo wote, ila walifikiri maskini hana.

Wahenga wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Stoo ya ofisi ya chifu ilifunguliwa siku hiyo, na mahindi mazuri yakarudi kwa wengine. Naibu hakufukuzwa. Alihamishwa, akapelekwa kwa maskini wengine, na mpaka leo nikikumbuka hiyo natema mate. Mimi jina langu halikuitwa tena kwa laini ya chakula.

Yule mzee wa poshomill ndiye alinipa nafasi kwa veranda yake. Nikaanza kuchagulia watu mahindi kabla ya kusaga, halafu wale wamama tukawa tunanunua pamoja moja kwa moja kwa wakulima, halafu nikaanza kuuza githeri, halafu wateja wa mjengo wakanileta huku kwenu. Wasichana wako shule. Namshukuru Mungu, namshukuru mzee huyo, na wale wamama walibeba hotpot na mimi. Funzo langu ni moja: ukipewa, fungua kwanza ndio useme asante. Na ukipeana, peana kile ungekula.

Leo kila mmoja ameleta mfuko wa chakula tupelekee wale wazee tunaotembelea. Nimefika mapema nikafungua yote pale mezani, mnisamehe, ni tabia sasa. Mingi ni safi kabisa, Mungu awabariki. Mmoja una maharagwe ya wadudu na unga ulioganda. Nimeutoa, uko hapa chini ya kiti changu. Sitaji mtu. Tukimaliza maombi, mwenyewe aje auchukue, akapike kwake.