Mlio Uliokuwa Ukiniangusha

Sifa kwa Bwana, watu wa Mungu! Sifa tena kwa Bwana! Asanteni, kaeni.

Naitwa Onome. Wengi mnanijua kama mtoto wa Maman Furaha, yule anayesuka nywele kule Greyville. Wageni wakisikia Kiswahili changu wanadhani nimezaliwa Bukavu kama yeye. Hapana, ndugu zangu. Nimezaliwa Warri, Nigeria. Mama aliyenizaa alifariki nikiwa mdogo, baba akanileta huku Durban, na ni huku alimwoa Maman. Kiswahili nimekipata mezani kwake, pamoja na fufu na sombe. Hata baba alikuwa anasali humu. Mnamkumbuka? Alikaa viti vya nyuma, haelewi neno, lakini "Amina" yake ilishinda za wote, na mara nyingi aliitoa wakati wa matangazo!

Mimi ni mkimbiaji. Ninakimbia mbio fupi, mita mia na mia mbili. Kocha wangu, Mzulu mmoja anaitwa Sipho, aliniona kwenye michezo ya shule nikiwapita wavulana, akaenda mwenyewe kumwomba baba ruhusa. Baba alikuwa na duka la simu Umbilo Road. Kuanzia siku ile, kila medali niliyopata aliitundika ukutani, katikati ya chaja na kava za simu. Hukuweza kununua kitu pale kabla hujaonyeshwa medali za binti yake. Baadaye watu wa timu ya vijana ya Nigeria wakasikia habari zangu. Wakapiga simu, wanataka nije kwenye majaribio kule nyumbani Nigeria. Baba alicheza dansi mbele ya wateja. Wateja nao wakacheza!

Ndugu zangu, sasa nawapeleka mahali ambapo sipendi kwenda.

Ilikuwa alasiri. Nilitoka mazoezini nikapita dukani, nikakaa chini nyuma ya kaunta kula. Wakaingia wanaume wawili, wakauliza bei ya chaja kama wateja wengine. Kisha mmoja akatoa bastola. Nilimsikia baba akisema, "Chukueni vyote, tafadhali, mtoto wangu yuko hapa." Aliwapa vyote. Na bado wakapiga. Nilikuwa karibu naye sana, mlio ule uliingia ndani ya mifupa yangu. Wakaondoka na simu za duka. Ambulensi ilifika baba ameshakata roho.

Mlitusaidia kumzika. Mungu awalipe.

Nilirudi uwanjani. Nilijiambia, nitakimbia kwa ajili ya baba. Kocha alipotuanzisha kwa kupiga makofi, nilikimbia vizuri, kama zamani. Lakini kwenye mashindano hakuna makofi. Kule ni bastola. Haina risasi, inatoa moshi na mlio tu, nalijua hilo tangu utoto. Mwili wangu haukujua. Mkimbiaji wa mbio fupi anaishi kwa mlio: ukilia, anaondoka. Mimi ulipolia, nilianguka. Wenzangu walishafika mwisho, mimi bado nimelala kifudifudi kwenye mstari, mikono kichwani, ninamwita baba kwa lugha ya kwetu. Iko watu walicheka. Hawakujua.

Mara nyingine nikajaribu kuukimbia mlio wenyewe, niondoke kabla haujalia. Lakini sheria yetu ni kali: ukiondoka kabla, unatolewa nje, hakuna msamaha. Nikatolewa, nikatolewa tena. Simu za Nigeria zikapungua, mwisho zikanyamaza.

Humu kanisani mliniombea. Wengine walisema ni pepo wa bastola, nifunge. Nilifunga mpaka miguu ikaishiwa nguvu. Siwalaumu, mlifanya kwa upendo. Nilirudi nyumbani baada ya maombi nikasikia mtu anafunga mlango wa gari kwa nguvu, nikajikuta chini ya meza. Nikamlilia Mungu: Bwana, uondoe mlio huu duniani! Au niondoe mimi kwenye mbio. Nikampelekea kocha viatu vyangu vya misumari, nikamwambia ampe mtu mwingine.

Kocha hakumpa mtu. Jumamosi moja alikuja nyumbani, akakaa kwenye kochi, kofia mkononi. Ni mtu wa maneno machache. Akamwambia Maman kwa Kiingereza, "Mama, nimejaribu yote ninayoyajua. Mtoto anakimbia. Ila bastola inamuua."

Maman akauliza, "Hiyo bastola unayo?"

"Iko ndani ya gari."

"Jumatatu uilete uwanjani. Nitakuja."

Mimi nilishangaa. Ndugu zangu, Maman hakuwa amewahi kuja kuniangalia nikikimbia, hata siku moja! Baba ndiye alikuja. Maman kila mara alikuwa na kazi ya saluni, iko mteja, iko harusi. Moyoni nilisema, basi, mbio hazimhusu, mimi si wa tumbo lake.

Jumatatu alishuka kwenye teksi na aproni yake, nywele za wateja zimeshika kitambaa. Akavuka nyasi moja kwa moja mpaka kwa kocha, akanyoosha mkono: "Nipe."

Kocha akasita. Mkono wa Maman ulikuwa unatetemeka, sote tuliuona. Nikamwambia, "Maman, acha."

Akanigeukia. "Onome, nisikilize. Vita ilipofika mtaani kwetu, mimi nilikuwa na umri wako. Mpaka leo nikisikia mlio najifungia bafuni, nafungua bomba maji yatiririke nisisikie. Unafikiri nimekataa kuja kwako? Nimeogopa kuja. Ile kazi ya saluni ilikuwa uongo." Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta. "Sitaki tena mtu nisiyemjua akupigie mlio huo. Leo napiga mimi. Utajua ni mkono wa nani."

Akafumba macho. "Yesu, tushike wote wawili." Akapiga hewani.

Nilianguka. Na nilipoinua kichwa, nilimwona Maman naye amepiga magoti, bastola iko kwenye nyasi, ameziba masikio. Kocha amesimama katikati yetu, hajui amwinue nani kwanza!

Maman akainuka mwenyewe. Akaokota ile kitu. Akasema, "Tena."

Siku ile sikukimbia kabisa. Wala siku iliyofuata. Lakini Maman aliendelea kuja. Wateja walimlalamikia, eish, wengine wakahamia saluni nyingine, yeye alifunga mlango akaja. Mwanzo aliniambia nisimame mbele yake nitazame kidole chake, nijue lini mlio unakuja. Baadaye nikae pembeni. Baadaye nimpe mgongo, kama kwenye mashindano. Kila mara kabla ya kupiga alisema jina la Yesu, kwa sauti ndogo, na mimi nililirudia. Siku nyingine nilianguka mimi, siku nyingine alilia yeye. Tulirudi nyumbani tumechoka kama watu waliolima.

Kisha alasiri moja upepo ulikuwa mkali kutoka baharini. Niliinama, nikasikia lile jina, nikasikia mlio. Na nilipojitambua, ndugu zangu, nilikuwa katikati ya njia! Miguu ilikuwa imeondoka yenyewe! Nikageuka. Maman alikuwa anakuja nyuma yangu mbio na kandambili zake, bastola juu, anapiga kelele za Haleluya, na kocha anamfuata nyuma anamwomba aweke ile kitu chini kabla majirani hawajaita polisi!

Mwaka huu nimerudi kwenye mashindano. Aliyepiga bastola ni mwanaume nisiyemjua. Moyo ulinidunda, sitawadanganya. Nikalitaja lile jina. Mlio ukalia, nikaondoka. Sikushinda, nilikuwa wa tatu. Maman alikuwa jukwaani. Hakuziba masikio. Wiki ile ile simu ya Nigeria ikalia tena. Mwezi ujao ninakwenda kwenye majaribio. Sijui kama watanichagua. Niombeeni.

Baba hajarudi, na waliomuua hawajapatikana. Iko siku naamka nikiwa na huzuni ile ile, na Maman vilevile. Lakini namshukuru Mungu mbele yenu. Nilimwomba aondoe mlio, hakuuondoa. Aliuweka mkononi mwa mtu anayenipenda. Asante, Bwana! Asante, kocha, ambaye leo amekaa pale nyuma na Kiswahili hakielewi hata kidogo. Na asante, Maman. Mimi ni wa tumbo lako.

Sasa nasema na wewe. Najua humu ndani iko mtu anayeshtuka mlango ukigongwa. Umetoka Uvira, umetoka Bujumbura, au yamekukuta hapahapa Durban, na hujamwambia mtu. Umesema, nitamwendea Mungu nikishatulia. Usingoje kutulia. Baada ya ibada mimi na Maman tutakuwa benchi hili la mbele. Njoo ukitetemeka hivyohivyo. Yesu hakungoja mkono wa Maman utulie ndipo autumie.