Hakuna, Nikamjibu Mwanangu

Bwana wetu apewe sifa, ndugu zangu! Mimi si msemaji, na wanaonijua wanashangaa kuniona nimesimama hapa. Ushuhuda wangu hauna pombe, hauna mganga, hauna jela. Una neno moja tu: "Hakuna."

Nilikuwa muuzaji katika duka la umma pale mjini, miaka ile ya shida. Mnaikumbuka. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, na khanga zikiingia watu wanakanyagana. Mkubwa wetu alitufundisha: mtu akiuliza, jibu hakuna kwanza, ndipo uangalie anayeuliza ni nani. Basi nikajibu hivyo miaka na miaka, kichwa nimekiinamisha kwenye gazeti. Sikuona ubaya. Ndiyo ilikuwa kazi.

Kisha biashara ikafunguliwa kwa kila mtu, duka letu likafungwa, sisi tukapunguzwa. Mke wangu akaweka kibanda mbele ya nyumba yetu, Butimba, akawa ananikalisha humo anapokwenda shambani. Ndugu zangu, kibanda kimejaa! Sabuni za kila rangi! Mteja anakuja, "Shikamoo baba, chumvi ipo?" Mimi huyo: "Marahaba. Hakuna." Na hiyo chumvi nimeiegemea! Wanachuo wa chuo cha jirani wakanibatiza Mzee Hakuna. Mke wangu alisema mpaka akachoka: "Baba Kabula, utatufilisi kwa mdomo!" Naahidi asubuhi, mchana nimerudia. Sigara niliiacha kwa siku moja, lakini neno hilo lilinishinda. Lilikuwa dogo mno, hata sikulisikia likitoka.

Kabula ndiye binti yetu wa kwanza, aliolewa Sengerema. Mume alikuwa akimpiga. Tulijua, na nasema kwa aibu mbele yenu: mara ya kwanza alipokuja kulalamika, mimi nilimwambia avumilie.

Siku moja, kama saa nne asubuhi, nimeinama napanga viberiti chini. Nikasikia sauti ya kike dirishani, imekauka kama ya mtu mwenye mafua: "Shikamoo baba. Nafasi ya kulala ipo?"

"Marahaba. Hakuna."

Sikuinua kichwa. Pale kila kijana huniita baba. Hata sikusikia kilichoulizwa, nilisikia "ipo" tu. Nikaendelea na viberiti vyangu.

Haukupita muda, jirani yetu Mama Sele, muuza dagaa, akaja mbio na baiskeli yake. "Mzee, umemfanya nini Kabula? Kapita kwangu analia, mtoto mgongoni, jicho limevimba. Anasema anarudi kwa mume wake, eti umemwambia hapa hakuna nafasi!"

Mungu wangu! Nikakwapua baiskeli ya Mama Sele, kibanda nikakiacha wazi, nikakanyaga kwenda kwenye kivuko cha Kamanga, njia ya Sengerema. Nilijua akivuka, safari hii mume yule atamuua. Njiani nikaomba, wala si kwa maneno mazuri: "Bwana, kizuie hicho kivuko!"

Nikakikuta bado. Fahali mmoja alikuwa amegoma kupanda, wanaume sita wanamsukuma na yeye kasimama tu. Ninyi mwiteni fahali. Mimi namshukuru Mungu kwa ajili yake mpaka leo.

Kabula alikuwa kwenye foleni, tiketi mkononi. Nilipoliona lile jicho nililia mbele za watu, mtu mzima mimi. Nikamwambia, "Mwanangu, nafasi ipo. Nisamehe, sikukuona."

Akasema, "Baba, ulinijibu bila hata kuniangalia."

Nikamwambia ndiyo. Fahali akapanda, watu wakapanda, Kabula akabaki.

Msidhani neno lilikufa siku ile. Kesho yake tu nilimwambia mtu hakuna mafuta ya taa! Ila sasa nilikuwa nalisikia, na nikilisikia naumia. Nikaomba, Bwana akanipa njia ya kitoto kabisa: simama kwanza, mtazame mtu usoni, ndipo ujibu. Kila mteja. Ilinichukua miezi, na wateja walicheka sana kuniona nainuka kwa ajili ya kiberiti kimoja.

Na Kabula? Alikaa kwetu, akapona. Lakini mwaka mzima hakuniomba kitu. Akitaka chochote, anamwomba mama yake, na mimi niko hapohapo. Sikumlaumu. Nilingoja.

Juma lililopita alikuwa anafua, mtoto akaanza kulia. Mama yake hakuwepo. Akageuka, akasema, "Baba, nishikie mtoto." Ndugu zangu, nilikuwa nimeshasimama kabla hajamaliza!

Basi namrudishia Mungu utukufu. Wewe uliyeketi hapo, una lako dogo unaloona haya kuliombea. Mpe Yesu, halidharau. Na leo ukifika nyumbani, mtu wako akikuita, mwangalie kwanza.