Wasifu wa Fundi Rangi Mbili, Aliyepaka Kijani Juu na Matofali Chini

Wasifu huu unasomwa na mdogo wake wa kike, fundi cherehani, kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza hivyo. Alisema wengine watalia kabla hawajafika sehemu ya shule ya msingi. Mimi nitalia baadaye, kazi ikiisha. Aliagiza pia kwamba jambo moja lisomwe kabla hajafunikwa na udongo, jambo ambalo mimi na yeye tulilificha kwa miaka sitini na moja. Tangu Jumapili nimekuwa nikijiuliza kama nilisome au nilimeze, kwa maana jina la fundi ndilo alilowaachia watoto wake, na jina likichafuka halipigwi msasa likarudi. Nimeamua kulisoma. Sababu mtaisikia mwishoni, nami nawaomba msitoke kabla.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Aprili 1953, saa kumi na moja alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa mpeleka barua na mke wake, ambaye alikuwa mshonaji. Mama alikuwa akisema mtoto huyu alitoka macho yamemtoka, anatazama dari, anatazama ukuta, kama mtu aliyekuja kukagua nyumba kabla ya kupanga. Baba alijibu kwamba angekagua basi na paa, maana lilikuwa linavuja. Mimi nilifuata mwaka 1956 na nikakuta keshachagua upande mzuri wa kitanda.

Alianza shule Januari 1960. Darasa lao lilikuwa na ukuta wa rangi mbili, kama madarasa mengi: nusu ya chini rangi ya mafuta iliyokolea, mahali panapogusana na viatu na mikono michafu, na nusu ya juu rangi ya krimu. Marehemu aliutazama ukuta ule kuliko ubao, na ripoti zake za hesabu zinathibitisha. Alipokuwa darasa la tatu, mwaka 1962, mwalimu wa kuchora aliwaambia wachore jani. Yeye alichora jani zuri lenye mishipa yote, kisha akalipaka nyekundu. Mwalimu akaliinua juu, akauliza, “Hili jani limeiva au limeungua?” Darasa zima likaangua kicheko. Yeye naye alicheka, akaendelea kucheka hadi nyumbani, halafu nikamkuta nyuma ya pipa la maji akilia kwa kwikwi.

Na jambo lenyewe ndilo hilo. Marehemu hakuweza kutofautisha kijani na nyekundu. Kwake zilikuwa rangi moja, hajui ni ipi. Aliniapisha nisimwambie mama. Nilikuwa na miaka sita na sikuwa nimejua kuandika, lakini kuchora nilijua. Nikachukua kisu cha jikoni, nikamenya ncha ya kila penseli yake ya rangi. Ya kijani nikaichora jani, nyekundu nikaichora nyanya. Muhula uliofuata alipata alama za juu katika uchoraji, na mwalimu akajisifu kwamba kumbe dhihaka inasaidia.

Mwaka 1970 alimaliza kidato cha pili, akaenda kujifunza useremala kwa mzee mmoja aliyekuwa hasemi neno ila “rudia”. Alirudia kwa miaka minane. Tarehe 15 Januari 1979 alifungua karakana yake mwenyewe, mlango wa pili kutoka kibanda changu cha kushonea. Watu walisema ndugu hawa wanapendana sana. Tulipendana, ndiyo, lakini pia kila kopo la rangi lililoingia karakana lilipita kwangu kwanza. Nilichora jani au nyanya chini ya kopo, mahali ambapo mteja haoni. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata nilijua ni mimi peke yangu.

Mwezi Juni 1983 nililazwa kujifungua mtoto wangu wa pili. Wiki hiyohiyo marehemu alikuwa na kazi nyumbani kwa mkunga wa zahanati yetu. Mama Mkunga aliagiza makabati ya jikoni, ya juu na ya chini, yote kijani. Kopo la kijani lilitosha ya juu tu. Kaka akafungua kopo lingine lililoletwa kwa ajili ya madirisha ya mtu mwingine, na mimi sikuwepo kulichora chini. Lilikuwa rangi ya matofali yaliyotoka tanuruni.

Siku niliyotoka, Kaka alinipitisha pale na kichanga changu begani. Alikuwa na furaha isiyo kifani. “Njoo uone kijani kilivyotulia,” akaniambia. Nikasimama mlangoni mwa jikoni. Juu kijani, chini matofali, na vishikizo vinang’aa. Nusura nimwangushe mtoto. Papo hapo Mama Mkunga akaingia na sare yake ya kazi. Akatazama juu. Akatazama chini. Akamtazama Kaka, kisha mimi, na uso wangu sijui ulikuwaje.

“Fundi,” akasema, “nani amekuambia mimi napenda rangi mbili?”

“Mama, mimi…”

“Nilitaka kukuagiza hivi hivi, nikaona haya. Nikasema fundi ataniona mshamba. Umejuaje?”

Kaka yangu, ambaye dakika moja kabla hakuwa na habari kwamba pale pana rangi mbili, alijifuta mikono kwenye suruali akasema, “Jikoni kwako padogo, Mama. Rangi moja ingepabana zaidi.” Uongo ule aliutoa bila kupepesa jicho. Kisha akarudi nyumbani akaugua homa ya woga siku mbili nzima.

Siku ya tatu aliamka akiwa mtu mwingine. Chema chajiuza, na Mama Mkunga alikuwa amewatembeza majirani jikoni kwake kama anaonyesha mjukuu. Wateja watatu wakaja, wote wanataka rangi mbili. Jina la Fundi Rangi Mbili likaanzia hapo. Ndipo Kaka akakaa chini akafikiri, akaamua kwamba kama macho yake yanamsaliti kwenye kijani na nyekundu, kwenye mwanga na giza hayajamsaliti hata siku moja. Mstari wa ukuta wa darasani aliuona vizuri kuliko mtu yeyote. Basi akajiwekea kanuni zake. Iliyokolea ikae chini, kwa maana huko ndiko kwenye magoti, viatu na fagio. Nyepesi ikae juu, ili dari ipumue. Katikati zipite mbao tupu zisizopakwa, ili rangi zisisukumane. Vishikizo viwe vya aina moja juu na chini, wajulikane kuwa ni ndugu. Aliyetaka rangi tatu aliambiwa jiko si soko.

Zaidi ya yote alikuwa na ile kawaida yake ya kufinya macho. Alipaka vibao viwili, akaviweka karibu na dirisha asubuhi na tena jioni, akamwambia mteja, “Finya macho. Zikiungana zikawa moja, hizo hazifai.” Wateja walifinya, wakatikisa vichwa, wakasema huyu fundi ana jicho. Wapo mafundi leo wanaofanya hivyo hivyo, na hawajui kwamba kanuni ile ilitoka kwa mtu aliyekuwa anajiokoa. Tangu mwaka 1985 duka la rangi nalo lilianza kutuletea makopo yenye karatasi iliyoandikwa jina la rangi kwa herufi kubwa. Mwenye duka alisema huo ni utaratibu mpya wa duka. Mimi nikashukuru kupunguziwa kazi, sikuuliza zaidi.

Marehemu alikuwa amefunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1981, na karani wa maktaba, ambaye ni wifi yangu na rafiki yangu. Nilimkagua bwana harusi shati, tai na koti, vyote sawasawa. Soksi nikazisahau. Akasimama mbele ya watu na soksi moja ya kijani na nyingine nyekundu. Namshukuru mpiga picha kwa kutumia filamu isiyo na rangi. Nilimwona bibi harusi akitazama chini, akatabasamu, akanyamaza, nami nikadhani ni haya ya siku ile. Waliishi pamoja karibu miaka arobaini na miwili. Waligombana kuhusu redio, kuhusu madirisha kufungwa au kuachwa wazi, na kuhusu nani alimpoteza paka. Kuhusu rangi hawakugombana kamwe, na hilo lilinishangaza sana kwa nyumba ya fundi rangi.

Ugonjwa wa moyo ulimwanza mwaka 2021. Kufikia Machi 2023 hakuweza tena kuinua mlango wa kabati, akamkabidhi binti yake mkubwa karakana na brashi zote isipokuwa moja, ambayo alisema bado anaitumia. Alikuwa anaitumia kujikunia mgongo. Tarehe 18 Septemba alilazwa. Ukuta wa wodi ulikuwa wa rangi mbili, na asubuhi ya pili alimwita muuguzi akamwambia kwa heshima zote kwamba ule mstari haujanyooka, na kama atapatiwa futi kamba atamwonyesha. Alipatiwa. Ulikuwa umepinda kwa kidole kimoja.

Ijumaa, tarehe 6 Oktoba, tulibaki wawili. Akaniambia, “Nikishalala kwenye sanduku, waambie.”

“Si useme mwenyewe? Wateja wako wanapita hapa kila siku.”

“Naogopa, mdogo wangu. Fundi rangi asiyeona rangi! Watasema nimewadanganya maisha yangu yote. Nitanyooshewa kidole. Lakini sitaki kwenda nayo.”

Alifariki Jumapili, tarehe 8 Oktoba 2023, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, akiwa na mkewe, binti yake na mimi. Alikuwa na umri wa miaka sabini. Nilimpenda kaka yangu kuliko ninavyoweza kuandika, na nyumba ile sasa ni kimya mno.

Jumatatu nilikwenda kwa wifi yangu kumwomba ruhusa ya kusoma jambo hili. Nilizunguka sana, nikaanzia mbali, nikasema kuhusu penseli. Akanisikiliza hadi mwisho, halafu akaniuliza, “Kumbe na wewe unajua?” Alijua tangu zile soksi. Miaka yote ile yeye ndiye aliyekuwa akifunga soksi zake mbili mbili, na akimtajia rangi ya kila kitu kwenye mazungumzo kana kwamba ni tabia yake tu ya kusema sana. Tukamwita binti yake. Binti alijua tangu ana miaka saba, baba alipomsifia gauni la kijani na gauni ni jekundu. Tangu hapo hakusema “nipe ile brashi”, alisema “nipe ile ya kijani, Baba, iliyo kushoto.”

Nikaenda duka la rangi. Mwenye duka akainamisha kichwa akasema zile karatasi hazikuwa utaratibu wa duka. Hakuna mteja mwingine aliyewahi kuzipata.

Mwisho nikaenda kwa Mama Mkunga, ambaye ana miaka themanini na sita na jikoni kwake bado ni kijani juu na matofali chini. Alinicheka kabla sijamaliza. “Mwanangu,” akasema, “mimi niliagiza kijani. Nilipoingia nikakuta ninyi wawili, yeye anajivuna na wewe umepauka. Marehemu baba yangu alikuwa hivyo hivyo, hakuwahi kujua nyanya iliyoiva. Nikaona nikisema neno, huyu kijana hatashika brashi tena. Nikasema acha nipende.” Nikamuuliza, na rangi zenyewe je? Akasema wiki ya kwanza alizichukia mno. Wiki ya pili akaona jiko limekuwa kubwa. Sasa ukimwambia azibadilishe atakufukuza.

Macho hayana pazia. Nilidhani nimebeba siri hii peke yangu, na nikajiona shujaa kidogo. Kumbe kata zilikuwa nyingi mtungini, kila moja ikiogopa kugongana na nyingine.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, mdogo mmoja anayesoma mbele yenu, na jikoni mia mbili na kumi na nne, zote za rangi mbili, kwa mujibu wa daftari lake. Jalada la ratiba mliyoshika limechapwa kijani juu na rangi ya matofali chini. Binti yake ndiye aliyechagua. Baba yake angelipokea, angeligeuza, angeuliza mbona tumetumia rangi moja.

Sasa nina ombi moja. Kaka aliogopa kunyooshewa kidole. Yeyote aliyesimama hapa ambaye alikuwa anajua, iwe tangu zamani au tangu mwaka jana, na akanyamaza kwa kumpenda, naomba anyooshe mkono wake juu, auache hapo juu hadi nimalize.

Kaka, watazame. Mikono yote hiyo ni yako. Sasa pumzika kwa amani.